Kamati Ndogo ya Miguu

Inatangazwa kwa umma, kwa waumini wa ibada zote mbili na kwa wafanyakazi wa zamu zote, kwamba ukosefu wa uongozi bora katika eneo la Kiamunyi na viunga vyake umekomeshwa rasmi. Mwenye shida ya uongozi na aje ofisini achukue. Upo wa kutosha, na mwingine uko stoo.

Natoa tangazo hili nikiwa na mamlaka. Mimi ni Lewis Gachanja, Katibu Mtendaji wa Kamati ya Sifa za Uongozi Wenye Matokeo katika Kanisa la Mwamba wa Ushindi, na tena Katibu Mtendaji wa kamati hiyo hiyo katika Kampuni ya Maziwa ya Mwamba wa Ushindi. Msishangae. Ni uwanja mmoja, geti moja, na mwenyewe ni mmoja: Askofu Mkurugenzi Ndegwa. Jumapili ni Askofu, Jumatatu ni Mkurugenzi. Maziwa huingilia mlango wa kushoto na waumini mlango wa kulia. Kuna dereva mmoja wa lori aliyewahi kukosea mlango, akarudi kwao ameokoka.

Sasa, uongozi bora ulitufikiaje? Askofu alialikwa semina ya viongozi kwenye hoteli moja huko Naivasha. Alipewa sifa tisa za kiongozi mwenye matokeo. Akafika nyumbani na saba. Mbili zilipotea njiani, huko Gilgil, aliposimama kula nyama choma akaacha karatasi mezani. Tuliporudi kuiulizia, mwenye hoteli alikuwa ameshamfungia mtu chapati nayo. Mpaka leo hatujui zilikuwa zipi. Wachuka wa itifaki anashuku moja ilikuwa kusikiliza, lakini hakuna aliyemsikiliza.

Kabla sijaendelea lazima mjue jinsi tunavyofanya kazi, maana kisa chote kimekaa hapo. Huku kwetu, mkutano uliofunguliwa na maombi lazima ufungwe na maombi. Usipofungwa, haujaisha. Unaweza kwenda nyumbani, ukala, ukalala, ukaamka, na bado uko mkutanoni. Desturi hii kila mtu anaijua. Askofu Ndegwa, kwa kuwa ana Maono, aliona ndani yake kitu ambacho wengine hatukukiona. Yeye hapigi kura. Yeye huomba.

Husimama mwisho wa mkutano, hufumba macho, husema, "Baba, tunaazimia mbele zako ya kwamba Jumamosi tutafanya kazi kwa moyo wa kupenda." Na wafanyakazi wote, kwa mazoea ya tangu utotoni, hujibu, "Amen!" Basi, imepita. Amen, alitufundisha, ni sahihi ya mdomo. Ukishaisema umetia saini mbinguni, na nakala iko kwangu. Kwa njia hii tulipitisha Jumamosi. Tukapitisha kuondolewa kwa chai ya saa nne. Tukapitisha sare mpya ambazo kila mtu angejinunulia. Hakuna aliyewahi kupinga. Nani atainua mkono katikati ya maombi? Wewe unaweza?

Watu nao si wajinga, wakaanza kutoroka wenzao wakiwa wamefumba macho. Unamaliza kuomba, unafumbua, umebaki na viti. Ndipo Askofu akaleta Kanuni ya Macho, ikachorwa ukutani kwa rangi nyekundu: maombi yakianza, hakuna kufumbua macho, hakuna kuinuka, hakuna kusogea wala kukohoa kwa maana, mpaka Amen ya mwisho. "Kanuni haina mkubwa wala mdogo," alisema siku ya kuizindua. Na sisi tukasema nini? Tukasema Amen.

Basi. Huo ndio mtambo. Sasa mkae vizuri niwaambie ulivyotugeukia.

Tulikuwa tunajiandaa kwa Kongamano la Uongozi. Wageni wangetoka mjini: wachungaji, wenye maduka makubwa, watu wa benki. Kwa ajili yao tulisimamisha Hema la Waheshimiwa, lenye makochi na vitambaa vyeupe, tukalizungushia kamba. Siku mbili tatu kabla ya Kongamano, akina mama walikuwa wanatoka kwa ushirika wao wa Alhamisi, wamebeba watoto mgongoni, na ile mvua ya mawe ya huku kwetu ikawakuta hapo uwanjani. Nyinyi mnaijua. Haikupigii hodi. Mlango wa kanisa ulikuwa umeshafungwa, na mwenye funguo alikuwa mkutanoni nasi, tukijadili sifa ya tatu, Kuchukua Hatua.

Khisa ndiye aliyekuwa getini. Khisa ni askari wetu wa geti. Anakaa hapo hapo kwenye kinyumba cha mabati kando ya geti. Huyu Khisa akafungua kamba. Akawaingiza akina mama wote hemani. Wakaketi. Kwenye makochi! Askofu alipotoka mkutanoni kwenda kukagua kiti chake, alikuta mtoto amelala juu yake, na mtoto alikuwa amekilowesha.

Khisa akaitwa mbele ya Kamati siku hiyo hiyo. Wachuka ndiye aliyeanza. Wachuka ni mkuu wa itifaki, mwanamke anayejua nani aketi wapi hata matangani.

"Khisa, nani alikupa ruhusa ya kufungua hema?"

"Mvua, madam."

"Mvua si ofisa wa kanisa hili."

"Ni kweli, madam. Lakini ilifika kabla yenu."

Kipchirchir, Mkurugenzi wetu wa Maono, akainama mbele. "Kwa nini hukupiga simu?"

"Nilipiga, mzee. Nikaambiwa mko kwa mkutano wa uongozi, msisumbuliwe."

"Si ungengoja?"

"Ilikuwa inapiga watoto vichwa," Khisa alisema. "Ningengoja nini, mzee?"

Swali hilo tulilipuuza, kwa kuwa halikuelekezwa kwa njia inayofaa. Kazi ilikuwa kulipatia kosa jina. Hakuiba. Hakulewa. Hakulala kazini. Tulihangaika nalo mpaka nikalipata mimi, na sikuficha furaha yangu: Kuonyesha Uongozi Bila Kibali. Kamati nzima ikashusha pumzi. Askofu akasimama akafumba macho.

"Baba, tunaazimia mbele zako ya kwamba ndugu yetu Khisa atafute malisho mengine, na kile kinyumba cha getini akiache ifikapo Jumatatu, yeye pamoja na wategemezi wake."

"Amen!" tukajibu. Hata Khisa mwenyewe, maskini, kwa mazoea, alisema Amen. Kisha akafumbua macho, akatutazama mmoja mmoja kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

Neno wategemezi nililipendekeza mimi. Ni neno zuri. Linabeba watu wengi bila kuwataja hata mmoja. Khisa tulimjua. Kwamba Khisa anaweza kuwa na mke, hilo halikuwa kwenye ajenda.

Geti halikubaki bila uongozi. Mahali pa mtu mmoja aliyekuwa akifungua kwa mkono wa kushoto huku wa kulia umeshika kikombe, tuliunda Kamati Ndogo ya Lango. Kesho yake asubuhi lori la maziwa lilipiga honi, likapiga tena, likapiga mpaka dereva akashuka akaketi kwenye nyasi. Akidi haikuwa imetimia. Kufikia saa sita maziwa yalikuwa yameganda. Tukayauza kama mala. Askofu akasema huo ni Ubunifu, sifa ya nne.

Sifa ya tano ndiyo Utumishi, na hiyo ndiyo ilikuwa kilele cha Kongamano. "Kiongozi wa kweli huosha miguu ya watu wake," Askofu alituambia. "Nitaosha miguu Jumapili. Mbele ya wageni. Nitafutieni miguu."

Mkisikia hivyo mtadhani ni kazi rahisi, kwa vile kila muumini amekuja na yake. Ah wapi! Tuliunda Kamati Ndogo ya Miguu, mimi nikiwa mwenyekiti, Wachuka na Kipchirchir wakiwa wajumbe, na Jackie, binti wa mawasiliano, akishika kamera. Vigezo vilikuwa vikali. Miguu iwe ya mtu wa kawaida, lakini si ya kuogofya. Iwe na vumbi, lakini vumbi la heshima. Na ije ikiwa imeshaoshwa.

Kipchirchir alijitolea kwanza. Kwenye mazoezi, Askofu alipomgusa wayo tu, Kipchirchir alicheka kicheko ambacho hatukujua kiko ndani yake, akapiga teke, beseni likaruka, na suti ya Askofu ikabatizwa upya. Kumbe Mkurugenzi wa Maono ana mtekenyo. Wachuka akajitolea wa pili. Kucha zake ni nyekundu na ana kamkufu kwenye kifundo. Mke wa Askofu alisema hapana, na hakueleza. Tukatuma mtu mtaa wa Bondeni akaulize mama mmoja wa mitumba. Mama akataka kujua inalipwa pesa ngapi, na kama ni kwa mguu mmoja ama yote miwili.

Jumapili ikapambazuka na baridi yake ya Julai, ile inayoingia mpaka kwenye meno, na hatuna miguu. Wageni wanaanza kufika. Magari yanapiga honi nje, Kamati Ndogo ya Lango inajadiliana. Mimi nilikuwa nazunguka uwanjani nikitazama watu kuanzia chini, kazi inayochosha shingo, ndipo nikaona miguu. Ilikuwa kwenye mfereji, karibu na geti. Mwanamke alikuwa anasuuza sufuria, amevua viatu. Miguu imara, safi, ina mikwaruzo miwili mitatu ya kazi. Miguu yenye wasifu! Nilitaka kulia.

"Habari, mathe?"

"Mzuri."

"Unaitwa nani?"

"Nerima."

"Unakaa wapi, Nerima?"

"Hapa tu."

"Hapa wapi?"

"Hapo." Akanionyesha kwa midomo kinyumba cha mabati. Mlangoni palikuwa na godoro lililokunjwa likafungwa kamba, na masanduku. Nikaridhika kwamba ni mkaazi wa karibu.

"Umeokoka?"

"Ndio."

"Askofu anataka kukuosha miguu leo."

Aliweka sufuria chini. Akanitazama muda mrefu, mpaka nikaangalia kama nimefunga zipu.

"Mimi?"

"Wewe. Ni heshima kubwa. Kazi yako ni kukaa kwenye kiti na kunyamaza."

"Ninyamaze mpaka lini?"

Hapo Jackie, aliyekuwa nyuma yangu akipima mwanga, akaingilia. "Lewis, asinyamaze tu. Akishaoshwa aombe kidogo, afunge na shukrani. Mathe wa kawaida akiombea Bishop, hiyo clip itaenda mbali. Watu watalia."

Nikaona ni wazo la busara. "Basi utafunga na kaneno kadogo ka maombi," nikamwambia Nerima.

"Kadogo?"

"Kadogo sana."

Nerima akapangusa mikono kwa leso. Nilimwona akigeuka kutazama kile kinyumba, halafu geti, halafu akarudisha macho kwangu.

"Sawa, mzee," akasema. "Nitafunga."

Ibada ilikwenda kwa itifaki. Waheshimiwa walisalimia watu, na kila aliyesalimia alianza kwa kusema hatasema mengi. Sifa zilisomwa, zote saba. Wali na kuku vilikuwa vinaiva jikoni nyuma ya kanisa, harufu ikiingia kwa madirisha, na watu walikuwa wamefika mahali pa kukubali chochote. Ndipo Askofu akavua koti. Nerima akaletwa mbele, akaketi kwenye kiti kirefu. Maji ya uvuguvugu yakamiminwa kwenye beseni jipya. Wachuka alikuwa ameandaa mto mwekundu wa kupigia magoti, na taulo la kupangusia.

"Bishop," Jackie alinong'ona, "huo mto unaharibu picha. Inakaa ni kama unaogopa simiti."

Askofu akausukuma mto kando kwa mguu. Akapiga magoti kwenye simiti tupu, kwa kishindo, na waheshimiwa wakapiga makofi. Akashika mguu wa kulia wa Nerima. Akauosha. Akaushika wa kushoto, akauosha pia, polepole, akigeuzia kamera uso wake wa kushoto ambao ndio anaoupenda. Kusema kweli ilipendeza. Mtu wa benki alipangusa jicho.

"Na sasa," nikatangaza kwa maikrofoni, "dada yetu atafunga na kaneno kadogo ka maombi. Tuzingatie Kanuni."

Jackie akaiacha kamera kwenye stendi, akapiga magoti kando ya Askofu, akamshikia Nerima maikrofoni. Kanisa zima likafumba macho. Askofu akabaki hapo chini, mguu mkononi, taulo mkono wa pili, kichwa kimeinama. Ilikuwa picha nzuri sana.

"Baba wa mbinguni," Nerima alianza, kwa sauti ndogo, "asante kwa maji ya moto."

"Amen," tukajibu.

"Asante kwa Bishop wetu. Leo amepiga magoti. Baba, umshikilie hapo hapo."

"Amen!"

"Baba, wewe unanijua, hata kama kamati hainijui. Wananiona kila Jumapili. Nimewafagilia hii kanisa. Leo asubuhi wameniuliza naitwa nani." Akavuta pumzi. "Mimi ni mke wa Khisa."

Mimi nilifumbua jicho moja. Najua Kanuni, lakini jicho lilifumbuka lenyewe. Wachuka naye alikuwa amefumbua lake. Tulitazamana jicho kwa jicho. Askofu hapo chini alikohoa.

"Kikohozi hicho pia ukiponye, Baba," Nerima akasema. "Hakina maana yoyote."

"Amen!" Hiyo ilitoka nyuma, kwa akina mama wa Alhamisi, na ilikuwa na nguvu.

"Baba, Khisa amefutwa kwa sababu alifungua hema. Ile mvua ya mawe ilikuwa ya nani? Si yako? Khisa hajui kutengeneza barafu. Ni wewe uliinyesha, na hata wewe hukuomba kibali."

"Amen! Amen!"

Sauti yake sasa ilikuwa imeanza kutetemeka. "Kesho ndiyo tunahama. Watoto wamefunga sahani zao kwa shuka. Yule mdogo ameniuliza, mama, tunaenda wapi? Nimemwambia tunaenda mbele. Baba, mbele ni wapi? Mimi sijui. Nimemwambia tu."

Hakuna aliyejibu Amen. Mtu akapenga kamasi. Nilikumbuka neno wategemezi. Siku ile lilionekana zuri.

Kisha Nerima akajikaza, sauti yake ikabadilika. Sauti ile niliijua. Ni ile Askofu hutumia Jumatatu. Khisa lazima alikuwa akiibeba nyumbani pamoja na habari za chai iliyoondolewa na sare ya kujinunulia.

"Kwa hivyo, Baba," Nerima akasema, "tunaazimia mbele zako ya kwamba kesho Jumatatu Khisa anarudi getini, na sisi tunabaki kwa nyumba yetu. Wote waseme?"

"AMEN!"

Paa la mabati lilitetemeka. Waheshimiwa pia walisema, maana wageni hawajui mambo ya ndani. Mimi nilisema. Mdomo ulitangulia, nami nikaufuata.

Nerima hakufunga bado.

"Baba, kuna Amen moja sijaisikia. Iko hapa karibu na mguu wangu."

Askofu hakusema kitu. Hakusimama pia. Atasimama vipi? Kanuni imechorwa ukutani nyuma yake, nyekundu, na waheshimiwa wote walikuwa wameisoma wakingojea ibada ianze. Magoti yake yalikuwa yameanza kuhama kidogo kidogo, la kulia likimwachia la kushoto uzito, kisha la kushoto likirudisha. Mto mwekundu ulikuwa pale pembeni, karibu, lakini kuufikia ni kusogea.

"Nitangoja, Baba," Nerima akasema. "Mimi sina haraka. Vyombo nimeshafunga."

Tukangoja. Maji kwenye beseni yakaanza kupoa. Mnaijua Julai yetu, inapoza hata uji ungali mdomoni. Harufu ya kuku ikaja kwa nguvu zaidi. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Mama, hii maombi inaisha lini?" na mamake akamjibu, naye kwa sauti, "Bishop akisema Amen." Mtu wa benki, macho yakiwa yamefumbwa, akanong'ona kwamba ana mkutano mwingine mjini. Kutoka upande wa wazee kukasikika, kwa upole kabisa, "Bishop, si useme tu tukule."

Nilimwona Askofu akimeza mate. Nilimwonea huruma, sitawaficha. Ni mtu mzuri kwa njia zake. Alikuwa anatafuta mlango, na milango yote alikuwa ameifunga mwenyewe. Akinyamaza, hatuondoki. Akisimama, amevunja kanuni yake mbele ya benki. Akisema, ametia saini.

"Amen," akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea ndani ya blanketi.

"Bishop, rudia," Jackie akasema. Alikuwa amepiga magoti kando yake, maikrofoni mkononi, macho yamefumbwa vizuri kabisa kulingana na Kanuni. "Hiyo mic haikushika."

"AMEN!"

"Katika jina la Yesu tumeomba," Nerima akamalizia, "na kufunga."

Watu walisimama, waliimba, waliruka. Akina mama wa Alhamisi walipiga vigelegele. Askofu hakusimama, kwa kuwa miguu ilikuwa imekufa ganzi. Alijaribu mara ya kwanza, akarudi chini. Aliyemwinua alitoka mlangoni, ambako alikuwa amesimama ibada nzima. Alikuwa Khisa. Alimshika kwapani, akamnyanyua taratibu, akampangusa vumbi la simiti magotini.

"Pole, Bishop," akamwambia.

"Asante, Khisa," Askofu akajibu. Na kumbe aliposema asante alikuwa bado ameshika taulo, kwa hiyo Nerima alilichukua mkononi mwake, akajipangusa miguu mwenyewe, akaenda kufungua vyombo.

Ile clip ya Jackie ilikwenda mbali kama alivyosema, na watu walilia, wengine kwa kucheka. Yule wa benki alimpigia Askofu simu akamwambia kwamba hajawahi kuona kiongozi akipitisha azimio akiwa amepiga magoti, na kwamba semina ijayo ya Naivasha wangependa afundishe. Askofu alishukuru. Kisha akaniita, akafunga mlango, akaniambia kwa sauti ya chini, "Lewis, hii Amen ni hatari. Inahitaji usimamizi."

Ndiyo maana natangaza, na hili ndilo nililoshikia kalamu, kwamba imeundwa Kamati Maalum ya Kuratibu Amen, itakayotoa mwongozo wa nani aiseme, lini, na baada ya kusoma nini. Wajumbe ni Askofu, Wachuka, Kipchirchir na mimi. Kikao cha kwanza kimeitishwa leo, na nawaandikia nikiwa ndani yake, jicho moja wazi, kinyume cha Kanuni. Kipchirchir alifungua kwa maombi. Yalikuwa mafupi. Alimwomba Mungu atusaidie kuwatendea haki watu wetu. Alimaliza kitambo.

Hakuna aliyesema Amen. Ni lile neno haki. Hatujui lina nini ndani yake, wala litatugharimu kiasi gani, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kutia saini. Wachuka amekaza midomo. Kipchirchir mwenyewe anaonekana kujuta. Askofu amefumba macho kwa nguvu kama mtoto anayengojea dawa chungu. Chai inapoa mezani na hatuwezi kuigusa, maana bila Amen kikao hakijafunguliwa, na kisichofunguliwa hakiwezi kufungwa.

Nje lori la maziwa limepiga honi, mara moja tu. Nimesikia Khisa akiitikia, na geti likafunguka.